Siku Wazi Kwenye Safari ya Gari na Treni: Usikimbilie Kuongeza Mji

Kama ushawahi kupanga safari ya vituo vinne vitano utakuwa unaijua hii hali. Hoteli ya mwanzo ishalipiwa, tiketi ya treni ndefu unayo, gari umeshaweka oda, ndege ya kurudi tarehe yake haibadiliki, afu ukihesabu usiku kwa vidole unakuta kuna siku tatu pale katikati hazina mwenyewe. Hapo ndo wengi tunachemka, maana mkono unaenda wenyewe kwenye ramani, unaona kamji kako hapo kati, unasema aah tulale huku usiku mmoja na kule usiku mmoja, imejaa. Mi nilifanya hivo kwenye safari yetu ya Vienna, Ljubljana (mji mkuu wa Slovenia) na Venice, tulibakiwa na siku 3 nikachomeka Zagreb usiku mmoja na mji mwingine mdogo wa milimani usiku mmoja, na ninachokikumbuka vizuri kwenye zile siku ni zipu ya begi.

Kwa hiyo hapa naandika ninavofanya siku hizi, na msimamo wangu nauweka mapema: siku wazi usiijaze kwa kuongeza kituo, ijaze kwa kuongeza usiku kwenye kituo ambacho tayari unacho, cha kufanya utakitafuta kutokea hapo. Kuna wakati hii kanuni inavunjwa, nitafika huko.

Mji wa usiku mmoja, uhesabu vizuri

Chukua mji ulio masaa 2 kwa treni. Kwenye karatasi ni masaa 2 tu, unatoka asubuhi mchana uko huko. Sasa ifuate siku yenyewe. Saa 4 asubuhi unatakiwa uwe umetoka chumbani, kwa hiyo kuanzia saa 2 hakuna anayefurahia chochote, mmoja anatafuta chaja mwingine kakalia begi lifunge. Saa 4 na nusu mko stesheni kwa sababu mnaogopa kuachwa. Treni saa 5, mnashuka saa 7. Mnaburuza mabegi kwenye barabara ya mawe mpaka hotelini, risepsheni wanasema chumba mpaka saa 9, basi mnaacha mizigo mnazunguka zunguka karibu karibu, saa 9 mnarudi kuchukua funguo, mnasema tujinyooshe dakika kumi, mnashtuka saa 11 jioni. Kesho yake saa 4 mnatoka tena. Yaani huo mji mmeupata jioni moja, na bei yake ni siku mbili zilizovunjika katikati.

Mji huo huo uendee bila begi. Treni ya saa 2 asubuhi, saa 4 uko katikati ya mji una chupa ya maji na koti basi, unarudi na treni ya saa 12 jioni. Hayo ni masaa 8 mazima, na usiku unalala kitanda ambacho ushajua swichi ya taa iko wapi. Nauli ya kwenda na kurudi mara nyingi haizidi ile gharama ya kuhama, ukijumlisha na kulipa hoteli mpya kwa bei ya usiku mmoja.

Mpaka wangu mi ni masaa 2 kwenda, 2 kurudi. Ikizidi hapo unaanza kuilipia treni badala ya mji.

Jua una siku wazi ya aina gani

Siku wazi hazifanani. Kuna ya katikati, umelala mahali na kesho unalala hapo hapo, hiyo ndo tamu kuliko zote. Kuna ya mwisho kabla ya ndege, hiyo ina masharti yake nitaiweka mwishoni. Na kuna nusu siku, ile unatoka hotelini saa 4 na treni yako ni saa 11 jioni, watu wanaihesabu kama siku wakati sio. Nusu siku ina mizigo. Dawa yake ni loka za stesheni au kuomba hoteli wakushikie mabegi, wengi wanakubali bila neno, afu fanya kitu kimoja tu, cha kutembea kwa mguu, karibu na stesheni. Usipande basi la kwenda mahali nje ya mji ukiwa na treni jioni, moyo wote utakuwa kwenye saa.

Ukishajua unazo ngapi za katikati, zisogeze zikae pamoja. Siku 3 zilizotawanyika, moja hapa moja pale, hazina nguvu. Siku 3 kwenye kituo kimoja ni kambi kabisa, unafua nguo, unazoea njia.

Kambi iwe wapi

Hapa ndo pa kutuliza akili. Mji mzuri wa kukaa siku wazi sio lazima uwe ule mzuri kuliko yote kwenye safari yako, ni ule ambao treni zinatoka pande nyingi na zinatoka mara kwa mara. Mtihani wangu ni rahisi, nafungua ratiba ya stesheni kwenye simu naangalia ubao wa treni zinazoondoka kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Kama kuna sehemu tatu nne za maana ndani ya saa moja na treni inatoka kila saa au kila nusu saa, hiyo ni kambi. Kama inatoka mara tatu kwa siku, achana nayo, ukiikosa ya kurudi utalala usikokutaka.

Mifano ipo mingi. Ukiwa Vienna, Bratislava iko kama saa moja kwa treni, unabadilisha nchi na mji mkuu na kurudi kabla ya giza. Madrid kwenda Toledo kwa treni ya kasi ni kama nusu saa. Copenhagen unavuka daraja la Øresund, lile lililofunguliwa mwaka 2000, chini ya saa moja uko Malmö Uswidi. Brussels kwenda Ghent nusu saa, ukiendelea mbele saa moja uko Bruges. München (Munich ya Ujerumani) una Salzburg, na kuna tiketi ya siku ya jimbo zima inaitwa Bayern-Ticket, watu mpaka 5 kwenye tiketi moja, inafika mpaka Salzburg ambayo iko Austria, ila ni kwa treni za mkoa tu sio zile za kasi, na siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi. Tiketi za aina hiyo ndo rafiki wa siku wazi maana unainunua asubuhi hiyo hiyo ukishaona hali ya hewa. Luxembourg ndo kabisa, tangu mwaka 2020 treni, mabasi na tramu za ndani ya nchi ni bure daraja la pili, hata mgeni.

Cheki pia tabia ya treni za hiyo nchi. Kuna nchi bei inapanda kadri siku inavokaribia na siti lazima uibuku, treni za kasi za Ufaransa (TGV), za Italia na za Hispania (AVE) ziko hivo. Na kuna nchi unaamka tu unaenda, Uholanzi na Ubelgiji treni za ndani hazina habari ya kubuku siti, Uswisi, Austria na Ujerumani nyingi unapanda bila kubuku. Hata huko kwenye treni za kasi zenye masharti, zile za mkoa zinakuwa na bei moja, Regionale ya Italia ukiinunua mwezi kabla au dakika tano kabla ni ile ile. Ukikata ya karatasi uigonge kwenye mashine kabla hujapanda, usipoigonga faini inakuhusu hata kama umelipa. Kwa hiyo mi siku zangu wazi nazisukumia kwenye nchi za kuamka na kwenda, zile siku zenye tiketi nazifunga kwenye nchi za kubuku.

Kama una pasi ya treni

Pasi nyingi zinahesabu siku za kusafiri, na siku wazi ndo mahali zinapookolewa au kupotea. Interrail na Eurail (Interrail ni kwa anayeishi Ulaya, Eurail ni kwa anayetoka nje) zina aina ya siku 4, 5 au 7 ndani ya mwezi mmoja, na siku 10 au 15 ndani ya miezi miwili. Siku moja ni kuanzia usiku wa manane mpaka usiku wa manane, ndani yake unapanda treni ngapi unazotaka. Watu wanaichoma siku ya pasi kwa kamji ka nusu saa ambako nauli yake ni ndogo kuliko thamani ya siku yenyewe. Gawanya bei ya pasi kwa idadi ya siku, ukipata jibu lilinganishe na nauli ya kawaida, kama nauli ni ndogo nunua tiketi ya kawaida iache pasi ipumzike. Treni ya usiku inayoondoka kabla ya saa 6 usiku na huibadilishi njiani inakula siku moja tu, ile ya kuondokea.

Pasi za siku mfululizo ni kinyume chake. JR Pass ya Japani ni siku 7, 14 au 21 mfululizo, ukishaiwasha inahesabu hata ukilala. Hapo siku wazi ziweke kabla hujaiwasha au baada ya kuisha, usiziache zikaliwe katikati. Uswisi wanakupa kuchagua, kuna ya mfululizo na kuna ile ya Flex ambayo siku zako unazitawanya ndani ya mwezi mmoja.

Usisahau pia kwamba pasi sio siti. Kwenye TGV siti za wenye pasi zina idadi yake, zikiisha zimeisha, hata behewa likiwa tupu nusu nzima.

Gari, hapa ndo pesa inapotokea dirishani

Gari ya kukodi inahesabiwa kwa masaa 24 tangu ulipoichukua. Ukichukua saa 4 asubuhi Jumatatu, siku yako inaisha saa 4 asubuhi Jumanne, ukirudisha saa 7 mchana unaweza kulipia siku nzima nyingine. Kuna uvumilivu wa dakika kadhaa, umeandikwa kwenye mkataba, usome. Kwa hiyo siku wazi ikiangukia kwenye gari, jiulize swali moja, hii siku gari itatembea au itapaki? Kama itapaki katikati ya mji unalipa mara mbili, kodi ya gari na paking. Siku wazi ya mjini ni ya treni, siku wazi ya milimani, ziwani, vijijini ambako basi linapita mara mbili kwa siku hiyo ndo ya gari.

Mpangilio unaonifaa ni huu, treni kwa miji mikubwa, gari inachukuliwa siku ya kutoka mjini na sio siku ya kuingia, na inarudishwa kabla ya mji mkubwa unaofuata. Venice kwa mfano gari yako inaishia Piazzale Roma, mbele ya hapo ni maji na madaraja ya ngazi, kila siku ya kodi huko ni pesa imelala. Na miji mingi ya Italia katikati kuna ZTL, yaani eneo lililofungwa magari yasiyo na kibali, kamera inapiga namba wewe hujui kitu, barua inakuja miezi kadhaa baadae kupitia kampuni ya gari na wao wanakukata ada yao ya kushughulikia juu yake.

Kuiongeza gari siku moja inaweza kuwa rahisi au ghali, inategemea. Kodi ya wiki mara nyingi kwa siku inakuja chini kuliko ya siku tano, kwa hiyo cheki bei ya siku 7 hata kama unahitaji 5 au 6. Ila ukichukua 7 na ukairudisha siku ya 5 wanaweza kukupangia bei upya, usidhani utarudishiwa chenji. Kurudisha mji mwingine kuna ada yake, na kurudisha nchi nyingine ada hiyo inaweza kuzidi kodi yenyewe, ndo maana sisi ya kwetu tuliirudisha Slovenia tukapanda treni kupitia Trieste badala ya kushuka nayo Italia.

Na ofisi. Jamani ofisi. Kwenye miji midogo ofisi nyingi za magari zinafunga Jumamosi mchana na hazifungui mpaka Jumatatu. Ile siku wazi yetu ya pili niliipangia kwenye kale kamji ka milimani, nikasema Jumamosi tutaamka taratibu tuzunguke ziwa, jioni turudishe gari tupande treni, tumefika pale saa 9 mchana mlango umefungwa, kibao kinasema saa 6 mchana ndo mwisho. Hakukuwa na kisanduku cha kudondoshea funguo. Tulibaki na gari mpaka Jumatatu asubuhi, siku mbili za kodi, tiketi za treni zikaenda na maji, imekula kwangu. Tangu hapo masaa ya ofisi ndo kitu cha kwanza nachocheki, kabla ya bei.

Kama unafikiria kukodi gari ghafla kwa ajili ya siku wazi, kumbuka Ulaya magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, ya automatiki yanaisha mapema na bei yake iko juu. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, kadi ya kawaida ya benki wanaweza kuikataa. Kibali cha kimataifa cha kuendesha nacho kina matoleo, Japani wanakubali kile cha mkataba wa 1949 tu, cha 1968 hawakitambui, na hicho hukipati dakika ya mwisho ukiwa huko huko.

Barabara za kulipia ziangalie pia kabla hujasema twende tukachungulie nchi jirani. Uswisi stika ya barabara kuu ni ya mwaka mzima tu, hakuna ya siku, yaani ukiingia barabara kuu kwa mchana mmoja umelipa mwaka. Austria wana ya siku moja. Slovenia ya chini kabisa kwa gari ndogo ni ya wiki.

Mipaka na visa, usicheze hapa

Siku wazi inaleta wazo la ghafla, na wazo la ghafla halisomi visa. Kama visa yako ya Schengen (lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja) ni ya kuingia mara moja, ukitoka nje ya Schengen hata kwa mchana mmoja umeitumia, kurudi hakuna. Mfano mzuri ni pwani ya Kroatia. Zamani ukiendesha gari kutoka Split kwenda Dubrovnik barabara ilikuwa inakupitisha Neum, kile kipande cha Bosnia kinachogusa bahari, unatoka nchi unaingia nyingine unarudi ile ya kwanza ndani ya dakika chache. Julai 2022 likafunguliwa daraja la Pelješac linalozunguka Neum, na Januari 2023 Kroatia ikaingia Schengen. Sasa wewe uko Dubrovnik una siku wazi, GPS yako imewekwa njia fupi, au mtu kakuambia Mostar ya Bosnia ni karibu twende tukaone daraja lake, ukivuka na visa ya kuingia mara moja begi lako litabaki hotelini Kroatia na wewe utabaki mpakani. Sema GPS ipite Pelješac, na Mostar iweke kwenye safari yenye visa ya kuingia mara nyingi. Ile hesabu ya Schengen, kwamba mgeni hakai zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180, nayo iangalie kama siku wazi inakusukuma mwishoni mwa muda.

Mkataba wa gari pia una orodha ya nchi unazoruhusiwa kuingia nayo. Ukivuka bila ruhusa bima inakufa, hata kama mpakani hakuna hata askari mmoja.

Siku gani mlango umefungwa

Kabla hujaipa siku wazi kazi, angalia ni siku gani ya wiki. Makumbusho ya Louvre ya Paris yanafungwa Jumanne. Makumbusho ya Orsay, ya Paris pia, na kasri la Versailles yanafungwa Jumatatu, makumbusho ya Uffizi ya Florence pia Jumatatu. Makumbusho ya Vatican yanafungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho ya mwezi. Rijksmuseum ya Amsterdam wao wako wazi kila siku ya mwaka. Kwa hiyo siku wazi ikiangukia Jumatatu, iwe ya mlima, ziwa, au kutembea mji kwa mguu, usiilazimishe makumbusho.

Na kuna vitu havijazi siku wazi hata ufanyeje kwa sababu vinaisha mapema. Nyumba ya Anne Frank ya Amsterdam tiketi zinatolewa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele. Alhambra, lile kasri la Granada Hispania, tiketi ina jina lako na saa yako ya kuingia majumba ya Nasrid. Hivyo ni vya kupanga. Siku wazi ni ya vitu visivyoisha. Venice nayo tangu Aprili 2024 kuna tarehe ambazo mgeni wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo anatakiwa ajisajili na kulipia kuingia, anayelala mjini halipi hiyo ada, kwa hiyo ukiwa na kambi mji wa jirani cheki tarehe kwanza.

Kikaratasi cha jioni

Hiki ndo kitu kilichobadilisha safari zangu kuliko apu zote. Siku wazi siipangi nyumbani, naipangia machaguo. Nyumbani naandika matatu kwa kila kambi, moja la jua, moja la mvua, moja la uchovu. Jioni ya kabla, tukishakula, tunaangalia hali ya hewa na miguu ya kila mtu, tunachagua moja. Cha Ljubljana, kile ambacho ningetakiwa kuwa nacho mwanzo, kingesomeka hivi: jua, ziwa Bled, gari, chini ya saa moja, toka kabla ya saa 2 asubuhi maana paking inajaa. Mvua, pango la Postojna, ndani ni kama nyuzi 10 mwaka mzima mvua isinyeshe inyeshe, beba sweta, kuna treni ndogo inaingia pangoni kwenye reli za tangu 1872. Uchovu, kufua, mto, soko, kulala mchana. Mistari mitatu. Pembeni ya kila mmoja naandika saa ya treni ya kwanza, na ya mwisho kurudi, na ile ya kabla ya mwisho, kwa sababu mi huwa narudi na ya kabla ya mwisho, ya mwisho ni ya dharura.

Hilo la uchovu lisidharauliwe. Safari ya siku 15 isiyo na siku ya kufua na kukaa inafika mahali watu hawasemeshani. Kwa safari ndefu naweka moja kila baada ya siku 5 au 6, na siionei aibu.

Kama mko wengi sio lazima wote waende sehemu moja, na hii ndo faida nyingine ya kambi. Mmoja anapanda treni, mwingine analala, jioni mnakutana.

Wakati wa kuvunja kanuni

Nimesema usiongeze kituo. Kiongeze pale mwendo kati ya vituo viwili unapozidi masaa 6 hivi na utaupita mchana kweupe, hapo usiku mmoja katikati unapumzisha dereva. Ila lala barabarani au karibu na stesheni, usiingie ndani ya mji kutafuta hoteli yenye sifa, na begi kubwa liache kwenye buti la gari kama paking ina mlinzi, panda chumbani na kabegi ka usiku tu.

Au ifanye treni yenyewe iwe ndo siku. Hii watu wanaisahau. Treni ya Vienna kwenda Ljubljana inapita Semmering, reli ya milimani iliyokamilika 1854, UNESCO wakaiweka kwenye orodha yao 1998, ni kama masaa 6 na hujachoka. Uswisi kutoka Chur mpaka Tirano ya Italia ni masaa 4 na kitu, inapanda mpaka mita 2,253 kwenye kituo cha Ospizio Bernina bila reli ya meno (ile ya kushika gia za treni kwenye mwinuko mkali). Ile treni ya kitalii ya vioo vikubwa lazima ubuku siti, lakini treni za kawaida za mkoa zinapita reli hiyo hiyo, hakuna kubuku, na dirisha unafungua unapiga picha bila kioo mbele. Kwa siku wazi nachagua ya kawaida, nashuka ninapopapenda nasubiri inayofuata.

Hata gari inapanda treni. Uswisi, Kandersteg kwenda Goppenstein unaendesha gari mpaka juu ya behewa, unakaa ndani ya gari lako, robo saa umetokea upande wa pili wa mlima. Folkestone ya Uingereza kwenda Calais ya Ufaransa ni dakika 35 chini ya bahari kwa mtindo huo huo. Ila hiyo ya Calais ni mpaka wa Uingereza, rudi kwenye habari ya visa kabla hujafurahi.

Ile siku ya mwisho

Siku wazi ikiangukia mwisho, kabla ya ndege, kwanza jaribu kuivuta ikae katikati. Ikigoma, iwe ndani ya mji wenye airport, sio masaa matatu kutoka hapo kwa gari eti tutaamka mapema. Gari irudishe jana yake, mchana, ofisi ikiwa wazi na kuna mtu wa kuikagua mbele yako. Jaza mafuta karibu na ofisi utunze risiti, piga picha pande zote nne, na ndani, na geji ya mafuta na kilomita zikionekana pamoja, waombe karatasi ya kwamba wamepokea gari bila tatizo. Angalia chini ya siti na kwenye mifuko ya milango, miwani na waya za chaji ndo zinapoishi. Mabegi yapakie usiku huo. Asubuhi inayofuata ni yako yote, tembea na simu na kadi ya treni mfukoni, na treni ya airport panda ile ya kabla ya uliyopanga.